Waya wa Uongo

Siku hiyo Nyundo alikuwa amekwisha kumvunja mtu taya kabla hajanywa chai. Simsifii, nasema kilichotokea. Alikwenda asubuhi kukagua kasha la nyaya lililo kando ya reli, akamkuta mwanamume amepiga magoti na msumeno mkononi, anakata nyaya za shaba zinazopeleka habari za treni kwenye taa. Hakuna cha salamu wala nini. Alimpa spana ya shavu, jamaa akalala kwenye kokoto akitema meno. Kisha akambeba begani mpaka kituo cha polisi, maana, kama alivyowaeleza askari, angemwacha pale treni ingemkanyaga, na treni ikikanyaga mtu inachelewa.

Huyo ndiye Nyundo. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa jororo kama la bibi harusi, na hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, fundi wa taa na mitambo inayozuia treni zisigongane, kazi aliyoianza akiwa msichana na sasa nywele za kando ya masikio zilikuwa nyeupe. Hakukuwa na kituo kwenye mtandao mzima wa reli ambacho hakuwahi kulala sakafuni mwake akifunga mitambo hiyo. Mumewe aliwahi kumnyanyulia mkono. Majirani wanasema yule bwana aliondoka kwa kupitia dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Aliyebaki naye ndani ya vyumba vyao viwili nyuma ya karakana ni mdogo wake wa kiume. Alimlea tangu mama yao alipofariki, kwa uji na makofi, akamsomesha, akamwingiza kazini reli. Mafundi walimwita Mpole, na walikuwa na haki. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Nyundo alimtukana kutwa nzima kwa upole huo, na mtu mwingine akijaribu kumtukana, basi ajue anatafuta dirisha lake.

Kazi yao si ngumu kuielewa. Reli imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina taa mlangoni pake. Treni ikiingia kwenye kipande, umeme mdogo unaopita ndani ya reli unajua, taa ya mlangoni inakuwa nyekundu, na treni inayofuata inasimama nje. Dereva akisinzia, au akijifanya haoni, mtambo unakaba breki wenyewe bila kumwomba ruhusa. Zamani, kabla ya mitambo hii, watu walikufa kwa mabehewa. Sasa wanachelewa tu, na hakuna anayeshukuru kwa kuchelewa.

Lakini mafundi wana kitu wanachokiita waya wa uongo. Ni waya mfupi, mwekundu, una vibanio huku na huku. Ukiubana ndani ya kasha, unaiambia taa kwamba kipande kiko tupu hata kama kuna treni nzima imesimama humo. Huwezi kuukwepa: bila huo hutajua ugonjwa uko kwenye reli au uko kwenye taa. Kwa hiyo kwanza unapiga simu kwa mwongozaji wa treni aliyeko kituoni, njia inafungwa, treni zote zinazuiwa, ndipo unabana uongo wako, unapima, unautoa.

Mzee aliyewafundisha kazi, ambaye wote walimwita Koleo, aliwahi kuusahau mmoja. Treni mbili zikapandana. Koleo mwenyewe aliwavuta watu madirishani, na wengine walitoka nusu. Tangu hapo akaweka sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha reli: ukibana waya wa uongo, unavua kiatu chako kimoja na kukitundika kwenye komeo la kasha, mlango ukiwa wazi. Hakuna mtu anayerudi nyumbani na kiatu kimoja. Na fundi yeyote akifika hahitaji kuuliza. Kiatu kipo, uongo upo. Kiatu hakipo, kasha ni safi. Watoto wa kando ya reli waliwacheka mafundi wanaochechemea, lakini tangu siku ile hapakuwa na waya uliosahauliwa.

Asubuhi ile ile ya taya, taa iliyoko kwenye mlango wa korongo ilikwama kwenye nyekundu. Korongo ni pale reli inapopita katikati ya kilima kilichochongwa, na ndani yake huoni mbele wala nyuma. Treni ya kwanza ikasimama nje ya taa, nyingine zikaanza kujazana kituoni. Nyundo na Mpole wakafika na mikoba yao. Nyundo akapiga simu, njia ikafungwa.

"Huko mbele reli zinapogawanyika, mota inayozigeuza imekufa," alimwambia mdogo wake. "Nenda ghala ukachukue nyingine. Hapa niachie mimi."

"Dada, watu wa treni wananuna. Nisikuache peke yako."

"Na mimi nikinuna je? Nenda, domo kaya wewe."

Mpole akaenda. Nyundo akabana waya, akavua kiatu cha kulia, buti jipya la ngozi nene lenye chuma puani, akakitundika kwenye komeo.

Kufika adhuhuri jua lilikuwa kali na mabehewa yalikuwa yamejaa. Watu walikaa humo tangu asubuhi wakinusana makwapa. Mmoja akachungulia dirishani akaona mwanamke amekaa mbele ya kasha na kiatu kimoja, akasema hao ndio mafundi wenyewe, angalieni, amevua viatu anapumzika. Neno hilo likapita behewa kwa behewa. Wakaanza kuteremka.

"Wewe mama! Watu tuna kazi!"

"Rudini ndani. Nikimaliza mtakwenda," Nyundo alisema bila kugeuka.

"Tangu asubuhi unamaliza nini?"

"Namaliza kukuzuia usife, mpumbavu mkubwa wewe."

Kama angesema neno jingine, sijui. Pengine wangempiga vilevile. Jiwe la kwanza lilimpata kisogoni. Aliinuka, akamshika aliyekuwa karibu, akampiga kichwa, pua ikapasuka. Wa pili alikula mkoba wa spana kwenye goti, goti likaenda upande. Wa tatu alimrukia mgongoni, na hapo wakawa wengi, hakuna tena wa tatu wala wa nne. Walimpiga kwa kokoto, kwa mikanda, kwa kisigino cha kiatu cha mwanamke mmoja aliyevaa vizuri kwa ajili ya usaili wa kazi. Alisikia ubavu ukivunjika kwa ndani, kama kijiti. Alisikia mtu akicheka. Alipoacha kurusha mikono waliendelea kidogo, kwa kukoleza tu, kisha wakatawanyika wakihema.

Mmoja wao alibaki nyuma. Huyo hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa na jicho la viatu. Akamvua Nyundo kile cha kushoto, akaangaza macho, akakiona kingine kwenye komeo. Akakitungua, akaubamiza mlango wa kasha kwa goti ukajifunga, akaondoka na jozi yake kwapani.

Wachuuzi wawili wa kando ya reli walimpakia Nyundo kwenye mkokoteni wakamkimbiza hospitali, ambayo ukuta wake wa nyuma umepakana na reli, upande wa kituoni. Mpole aliporudi na mota alikuta damu kwenye kokoto na spana zimetapakaa. Mchuuzi mmoja akamwambia abiria wamempiga dada yake, amekimbizwa hospitali. Simu ikalia, na aliyekuwa upande wa pili ni mwongozaji wa treni.

"Njia imefungwa mpaka lini? Huku kituoni wanataka kunichoma moto!"

"Dada amepigwa," Mpole alisema. "Wamemuumiza vibaya."

"Pole sana, ndugu yangu. Pole. Lakini njia je?"

Mpole akaliangalia kasha. Mlango umefungwa. Kiatu hakipo. Ina maana dada alikuwa amemaliza, wakamkuta anakusanya vifaa. Akaenda mbele reli zinapogawanyika, akafunga mota haraka, akitaka amalize akimbilie hospitali. Akapiga simu, akasema njia iko wazi. Yeye anajilaumu mpaka leo. Mimi simlaumu, maana sheria waliyoishi kwayo ndiyo iliyomwambia hivyo.

Treni ya kwanza ikaondoka ikipiga honi, na abiria wake wakashangilia. Mara simu zikaenda kwa wenzao waliokwama kituoni: tumempa fundi kichapo, njia imefunguka.

Honi hiyo ndiyo iliyomzindua Nyundo. Alifumbua jicho moja. La pili lilikuwa limevimba likafunga. Alikuwa kitandani karibu na dirisha, mkono una dripu, na muuguzi mwanamke anamfuta damu shingoni.

"Tulia, mama. Umeumia."

Nyundo alizichezesha nyayo chini ya shuka. "Viatu vyangu viko wapi?"

"Ulikuja pekupeku."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili, mama. Viatu ndio vya kuvililia sasa hivi?"

Nyundo akakaa kitako, ubavu ukamchoma akapiga yowe. Aliinamia dirishani. Kulia kwake, kwenye mdomo wa korongo, aliona mkia wa treni ya kwanza. Ilikuwa imesimama. Kituo cha mbele kilikuwa kimejaa treni zilizochelewa, ikabidi ingoje humo. Na nyuma ya mkia ule taa ilikuwa ya kijani kibichi, inawaka vizuri kabisa, inamwambia anayekuja: pita, hakuna mtu.

Aliomba simu ya muuguzi, akapiga namba ya mwongozaji, ile aliyoijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika, mji mzima ulikuwa unampigia mwongozaji kumtukana kwa ucheleweshaji. Na kutoka upande wa kituoni treni ya pili ikapiga honi ya kuondoka.

Mkiani mwa treni ile ya korongoni walikaa watu waliomvunja ubavu. Nyundo aliyajua hayo. Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini, na sitaki kujidanganya mbele yenu. Yeye aling'oa sindano ya dripu, damu ikaruka ukutani, akaunyakua mlingoti wa chuma uliotundikiwa mfuko wa maji, akatoka mbio. Mlinzi alimkinga mlangoni kwa mikono miwili.

"Mgonjwa haruhusiwi kutoka bila..."

Nyundo alimsukuma kwa bega zima, mlinzi akaangukia kitoroli cha sahani za chakula, na mlio wake ukasikika wodi zote. Uani palikuwa na tundu kwenye ukuta ambalo ndugu wa wagonjwa hulipita kukwepa saa za kutembelea. Akapenya. Kokoto za moto zikamchoma nyayo.

Fundi yeyote wa reli anajua hili: ukilaza chuma kikagusa reli zote mbili, ule umeme mdogo unaamini kuna treni, na taa ya mlango wa kipande hicho inakuwa nyekundu. Kwenye kipande cha korongo isingesaidia, maana kule waya ulikuwa umekwisha kusema uongo. Lakini kipande hiki cha nyuma ya hospitali kilikuwa bado kinasema kweli, na taa ya mlango wake ilikuwa pale pale kando ya tundu. Nyundo aliulaza mlingoti juu ya reli. Ulikuwa mwepesi mno, unachezacheza. Akaulalia kwa tumbo, akaukandamiza kwa uzito wake wote.

Treni ilikuja kwa kasi ya dereva anayetaka kufidia muda. Taa ikamgeukia nyekundu usoni, na mtambo, ule ule alioufunga Nyundo kwa mikono yake, ukaikaba. Magurudumu yalipiga kelele ya kutoboa masikio, cheche zikaruka, mabehewa yakasukumana, na ndani watu wakarukiana vifuani. Ikasimama karibu kiasi kwamba Nyundo aliziona sharubu za dereva.

Milango ikafunguka.

"Huyo hapo! Ameweka chuma kwenye reli!"

"Anataka kutuangusha! Muuaji!"

"Si ndiye yule fundi? Hajatosheka?"

"Kuna treni mbele!" Nyundo alipaza sauti. "Imesimama korongoni! Nendeni mkaone!" Lakini midomo ilikuwa imevimba na meno mawili ya mbele hayakuwepo, na kilichotoka hakikuwa maneno.

Hawakwenda kuona. Kipigo cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, maana safari hii hakurudisha hata pigo moja. Hilo kwake lilikuwa gumu kuliko maumivu. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, imeukumbatia mlingoti. Walimpiga teke la mbavu zile zile. Walimkanyaga vidole, na vidole vikalia juu ya chuma. Mwanamume mmoja mnene alimshika kiuno akamnyanyua, mlingoti ukapanda naye, na taa iliyo kando yake ikawa ya kijani. Dereva akapiga honi.

"Tokeni njiani! Nimeruhusiwa!"

Watu wakaanza kuruka pembeni. Nyundo alimng'ata yule mnene kwenye kiwiko cha mkono kwa meno aliyobakiwa nayo, akang'ata mpaka akaonja damu. Yule mtu akapiga kelele akamwachia, naye akaanguka juu ya chuma kifudifudi. Nyekundu. Dereva akalaani, breki zikashika tena. Jiwe likampata sikioni, na baada ya hapo sikio hilo halikusikia tena.

Huko mbele Mpole alikuwa anarudi kwa miguu kando ya reli. Akaukuta mkia wa treni, akainua macho, akaiona taa ya kijani nyuma yake. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alikimbia, akalifungua kasha, akauona ule waya mwekundu umebanwa pale pale dada yake alipoubana. Akaung'oa. Taa ya korongo ikawa nyekundu. Kisha akasikia kelele za watu nyuma ya hospitali.

Alipita katikati yao kama asiyewaona, akala ngumi mbili tatu, akajitupa juu ya mgongo wa dada yake.

"Dada, achia. Nimeutoa."

"Muongo." Ilitoka kama pumzi tu.

"Nimeutoa, dada. Haki ya mama."

"Nionyeshe."

Akamwekea waya mbele ya lile jicho moja. Nyundo akautazama kwa muda. Kisha mwili wote ukalegea, na Mpole akamviringisha pembeni, na mlingoti ukamfuata kwa sababu vidole havikukubali kufunguka. Pale kando taa ikawa ya njano, yaani nenda taratibu, mbele kuna nyekundu.

Umati ukapiga shangwe. Watu walikumbatiana. Mwanamume aliyenyoosha shati vizuri, jasho likimtiririka, damu ya Nyundo kwenye mkono wa shati, alikuwa anaongea na simu huku anakimbilia behewa.

"Tumepata njia! Eh? Kichapo tu, ndugu yangu, kichapo. Tumempiga, taa ikawaka papo hapo. Hawa watu bila kupigwa hawafanyi kazi. Na nyinyi huko msiwe mnabembeleza."

Mpole, ambaye hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake, alisimama na spana mkononi. Uso wake haukuwa wake. Alipiga hatua ya kwanza, na hapo akahisi suruali inavutwa. Nyundo alikuwa ameshika pindo lake kwa kidole gumba na kile cha mwisho, viwili vilivyokuwa bado vinatii.

"Kaa chini."

"Dada, wamekuua hawa!"

"Wapande. Ukimpiga mmoja watashuka wote, na kuna treni nyingine inakuja nyuma."

Mpole alikaa chini, akalia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa, na dada yake hakumtukana. Treni ikapita mbele yao taratibu, behewa kwa behewa, ikaenda kusimama salama nyuma ya taa ya korongo. Madirishani watu waliwapigia makofi.

Keshoye, kwenye kituo cha mbali kabisa ambako hakuna aliyewahi kumsikia Nyundo, taa ya reli ilikwama kwenye nyekundu. Fundi alipofika na mkoba wake, abiria walikuwa wamekwisha teremka, wakimngoja, mawe mikononi.